Kitabu cha Mwisho Ndicho Shahidi: Namna ya Kusoma na Kupima Mifululizo ya Distopia kwa Vijana



Nimeombwa nizungumzie riwaya ambazo vijana wanazisoma usiku kucha na ambazo watu wazima wengi wanazihukumu kwa kuangalia jalada. Ni riwaya za distopia: hadithi za jamii ya kubuni, mara nyingi ya wakati ujao, ambamo utawala umepangwa kumdhulumu binadamu, na dhuluma yenyewe imezoeleka hadi ikaitwa amani. Zinapoandikwa kwa ajili ya vijana, mhusika mkuu huwa wa rika lao, na hadithi haiishii kitabu kimoja. Inakwenda cha pili, cha tatu, wakati mwingine cha tano na cha sita.

Ninayo hoja moja, na ninaitaja sasa hivi ili mnipime nayo. Mfululizo wa namna hii hupimwa kwa kitabu chake cha mwisho. Kitabu cha kwanza kina kazi nyepesi zaidi, kwa kuwa kinatuonyesha uonevu, na kila msomaji mwenye moyo huuchukia uonevu anapouona. Kitabu cha mwisho ndicho kinacholazimika kujibu maswali mazito: dola ya mabavu ikianguka, nini kinashika nafasi yake? Nani amelipa gharama? Walioshinda wamekuwa watu wa namna gani? Mwandishi anayeyakwepa maswali hayo ametuuzia msisimko, na anayeyajibu kwa ujasiri ametupa fasihi. Wale ambao hawajamaliza vitabu nitakavyovitaja naomba waniwie radhi mapema, maana mwisho haupimiki bila kusemwa.

Tuanze na nasaba. Vitabu hivi vimetokana na riwaya za watu wazima: We ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1920; Brave New World ya Aldous Huxley, ya mwaka 1932; na Nineteen Eighty-Four ya George Orwell, ya mwaka 1949. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Orwell zaidi kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Katika riwaya zile tatu mtu anayeasi ni mtu mzima, na mwishowe dola inamshinda. Waandishi wa vijana waliurithi ulimwengu huo, wakabadili jambo moja kubwa: wakampa kijana uwezo wa kupigana na kushinda. Badiliko hilo lilileta deni jipya. Anayeandika kushindwa anaweza kuweka kalamu chini mhusika wake anapoanguka. Anayeandika ushindi anadaiwa maelezo ya asubuhi inayofuata.

John Christopher wa Uingereza aliliona deni hilo mapema. Katika The White Mountains, kitabu cha mwaka 1967, mashine kubwa za miguu mitatu zinaitawala dunia, na kila mtoto akifikia miaka 14 anavishwa kofia ya madini inayomwondolea hamu ya kuasi. Mhusika mkuu, Will, na wenzake wanatoroka kabla ya siku yao. Katika kitabu cha tatu, The Pool of Fire, kilichotoka mwaka 1968, wavamizi wanashindwa. Mwandishi mvivu angefunga hapo. Christopher anaongeza mkutano wa mataifa yaliyokombolewa, na mkutano huo unavunjika kwa ugomvi wa mataifa hayo yenyewe kwa yenyewe. Binadamu wamerudishiwa akili zao, na mara wanaanza kugombania mamlaka. Will na rafiki zake waliobaki hai wanagundua kwamba kazi iliyo mbele yao ni ndefu kuliko vita waliyoimaliza. Vitabu vyenyewe ni vyembamba, na mtoto wa miaka 11 anaweza kuvisoma. Lakini deni limelipwa.

Sasa niwape vigezo ninavyovitumia. Shuleni tumezoea kugawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui. Mgawanyo huo unafaa, lakini kwa distopia yafaa tuulize maswali yanayochimba zaidi.

Swali la kwanza: je, dhuluma hii ina utaratibu unaofanya kazi? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Dola ya kubuni nayo lazima iwe imeundwa, ikatazamika mbao kwa mbao. Mfano bora ninaoujua ni The Hunger Games ya Suzanne Collins, Mmarekani, kitabu kilichotoka Septemba 2008. Nchi ya Panem ina wilaya 12 zinazotawaliwa na mji wa Capitol. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wa miaka 12 hadi 18, na watoto hao 24 wanauana mbele ya kamera hadi abaki mmoja. Wanapatikana kwa kura. Mtoto wa miaka 12 anaingiza karatasi moja, wa miaka 13 mbili, na kuendelea. Lakini mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza karatasi, na kwa kila nyongeza anapewa mgawo mdogo wa nafaka na mafuta wa mwaka mzima wa mtu mmoja.

Tazameni hesabu. Mhusika mkuu, Katniss Everdeen, ana mama na mdogo wake, Prim, wa kulisha. Tangu akiwa na miaka 12 anaingiza karatasi nne kwa mwaka: moja ya lazima na tatu za chakula. Karatasi hazifutwi, zinajumlishwa mwaka hadi mwaka. Akiwa na miaka 16 jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na familia kubwa zaidi, jina lake limo mara 42. Prim, ambaye dada yake amemkataza kuchukua mgawo huo, ana karatasi moja tu kati ya maelfu, na ndiyo inayotoka, Katniss akajitolea kwenda badala yake.

Katika hesabu hiyo fupi Collins ametuonyesha namna umaskini unavyonunua hatari, namna upendo wa dada usivyoweza kuishinda bahati mbaya, na jambo la tatu ambalo Gale analieleza kwa hasira porini: utaratibu huu unawafanya watoto wa wachimba makaa wawachukie watoto wa wenye maduka, ili wote wasipate nafasi ya kuitazama Capitol. Hakuna hotuba ndefu hapo. Utaratibu wenyewe unasema.

Weka kando yake Divergent ya Veronica Roth, iliyotoka mwaka 2011, mwandishi akiwa bado kijana mdogo. Mji wa Chicago umegawanyika makundi matano, kila kundi likiishi kwa sifa moja: kujinyima, upole, ukweli, ujasiri au elimu. Kijana akitimiza miaka 16 anachagua kundi lake la maisha. Ninaelewa kwa nini vijana wa nchi nyingi walikipenda kitabu hiki. Kinagusa swali la umri wao: mimi ni nani, na je, nikiwachagua wengine nitakuwa nimewasaliti wazazi wangu? Mhusika mkuu, Tris, anapoliacha kundi la wazazi wake, kila msomaji aliyewahi kuiacha njia aliyochaguliwa nyumbani anaumia naye.

Udhaifu unajitokeza unapouliza mji huo ulifikaje hapo. Jibu linacheleweshwa hadi kitabu cha tatu, Allegiant, cha mwaka 2013: mji mzima ni jaribio la kisayansi linaloendeshwa na idara iliyoko nje ya kuta zake, likihusu watu waliotajwa kuwa na jeni nzima na wenye jeni mbovu. Maelezo hayo tunapewa kwa mazungumzo marefu ya maofisa, na yanaupunguza uzito wa vitabu viwili vilivyotangulia. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kuwa na sifa nyingi kwa pamoja ni ubinadamu wa kawaida ambao dola inauogopa. Sasa tunaambiwa kuna kipimo cha maabara. Roth anajitahidi kuonyesha kwamba majivuno ya jeni safi ni ubaguzi mwingine, na juhudi hiyo ni ya heshima, lakini msingi umeshahamishwa nyumba ikiwa imekwisha kuezekwa.

Hapa nataka kumtetea Roth kwa jambo moja. Wasomaji wengi walikasirika kwa sababu Tris anakufa. Kifo hicho ndicho kitu chenye nguvu kuliko vyote katika kitabu cha tatu. Binti aliyelelewa katika kundi la kujinyima, akalikimbia, anakuja kujitoa kwa hiari yake badala ya kaka aliyemsaliti. Hilo linajibu swali la ukurasa wa kwanza. Mhakiki asichanganye huzuni yake na kosa la mwandishi.

Swali la pili: je, mhusika mkuu anachagua kweli, na chaguo lake lina gharama? Malorie Blackman wa Uingereza aliandika Noughts & Crosses mwaka 2001. Katika nchi yake ya kubuni watu weusi ndio wenye mamlaka na mali, na weupe ndio waliotoka utumwani. Sephy ni binti wa waziri mweusi. Callum ni mtoto wa mtumishi mweupe. Wanasimulia kwa zamu, sura kwa sura. Kuna mahali msichana mweupe shuleni amebandikwa plasta ya kidonda yenye rangi ya kahawia, na inaonekana wazi juu ya ngozi yake kwa sababu viwanda havitengenezi plasta za watu kama yeye. Jambo dogo hilo linamfundisha msomaji kuliko kurasa kumi za mahubiri, kwa kuwa ubaguzi halisi hukaa katika vitu vidogo ambavyo mnufaika havioni.

Blackman hakubali mapenzi yatatue kila kitu. Callum anajiunga na wapiganaji, anashiriki kumteka Sephy, na mwishoni ananyongwa huku akiwa na nafasi ya kuokoka kama Sephy angekubali kuitoa mimba yake. Vitabu vinavyofuata vinamfuata binti yao, Callie Rose, ambaye baba yake mkubwa, Jude, anamlea katika chuki hadi anakaribia kuwa muuaji. Huo ndio msururu unaojua kwa nini unaendelea. Kila kitabu kinauliza kizazi kinachofuata kinarithi nini.

Swali la tatu linawahusu wazazi zaidi: ukatili unaoelezwa humu unatuweka wapi? Mara nyingi nasikia wazazi wakisema vitabu hivi vina damu nyingi. Wana haki ya kuuliza. Lakini idadi ya maiti haitoshi kuwa kipimo. Angalieni kama anayekufa ana jina, kama kuna anayemlilia, na kama aliyeua anaendelea kulala usingizi. Collins ni binti wa afisa wa jeshi la anga la Marekani aliyepelekwa Vietnam bintiye akiwa mdogo, na amesimulia kwamba wazo la vitabu vyake lilimjia usiku mmoja akibadilisha stesheni za televisheni, vijana wakishindana katika kipindi cha burudani huku na vita vya Iraki vikionyeshwa kule, hadi picha zikaanza kuchanganyika akilini. Ndiyo maana Rue, mtoto wa miaka 12, anapouawa uwanjani, Katniss hasongi mbele. Anasimama, anaupamba mwili kwa maua, na kuwalazimisha watazamaji wa Capitol wamwone kama mtoto wa watu.

Na sisi wasomaji tunapimwa hapo pia. Filamu ilipotoka mwaka 2012, wako waliolalamika mitandaoni kwamba Rue ameigizwa na msichana mweusi, ilhali kitabu kimesema waziwazi kwamba ngozi yake ni ya kahawia iliyokoza. Walikuwa wamemlilia mtoto waliyemtengeneza wenyewe. Mwaka uliofuata filamu ya pili ilitoka, na kampuni ya vipodozi ikauza rangi za midomo na kucha zilizopewa sura ya Capitol na wilaya zake. Kitabu kilichoandikwa kuonya juu ya burudani kikawa tangazo la burudani. Mwalimu anayefundisha kitabu hiki aliweke jambo hilo mezani, kwa sababu ni sehemu ya usomaji wake duniani.

Nafika kwenye swali la nne, ambalo ndilo mzizi wa mhadhara huu: mwisho unalipa deni? Chukueni Mockingjay, kitabu cha tatu cha Collins, cha mwaka 2010. Waasi wa Wilaya ya 13, iliyo nje ya zile 12 zinazotawaliwa na Capitol, wakiongozwa na Coin wanaingia mjini humo. Miavuli midogo inawaangukia watoto waliozungushiwa uzio mbele ya ikulu. Inalipuka. Wauguzi wanakimbilia majeruhi, Prim akiwa miongoni mwao, na mabomu yaliyobaki yanalipuka mara ya pili. Mtego wa milipuko miwili, unaotumia huruma ya watu kuwaulia, ulikuwa umebuniwa na Gale pamoja na fundi Beetee upande wa waasi. Gale mwenyewe hawezi kumhakikishia Katniss kwamba halikuwa bomu lake.

Kisha Coin anawakusanya washindi wa zamani waliobaki hai, anawaomba wapige kura: je, watoto wa Capitol nao waingizwe uwanjani mara moja, ili watu walipize? Peeta, mwoka mkate aliyeingia uwanjani pamoja na Katniss, anakataa kwa uchungu. Katniss anasema ndiyo, na kura inapita. Siku ya kumwua hadharani Rais Snow, mtawala wa Panem aliyepinduliwa, Katniss anavuta upinde, anauelekeza juu, na mshale unampata Coin. Kwa mshale huo mmoja tunaelewa kura yake na tunaelewa vitabu vyote vitatu. Dhuluma iliyobadilisha wenyewe imebaki dhuluma. Na Collins hamwachi msomaji ashangilie. Katniss anarudi kwenye wilaya iliyochomwa, inamchukua miaka 15 kukubali kuzaa, na watoto wake wanacheza katika uwanda ambao chini yake wamezikwa watu. Filamu zilitangazwa kwa swali la mvulana gani atapendwa. Kitabu kilikuwa kinauliza nani anaweza kukaa na mwanamke huyu baada ya vita, anayewasha moto au anayeoka mkate.

Ninatoa hukumu yangu bila kusita: kati ya mifululizo iliyopata umaarufu mkubwa katika wimbi lile la distopia za vijana, huu wa Collins ndio uliolipa deni lake lote.

Kuna na swali la vitabu vinavyoongezwa baadaye. Biashara hupenda mfululizo usife, kwa hiyo kila nyongeza iulizwe imeleta nini. Lois Lowry alichapisha The Giver mwaka 1993, kikapata tuzo ya Newbery mwaka 1994. Humo, katika jamii isiyojua rangi wala kumbukumbu, kazi ya wanawake waliotengwa kwa ajili ya kuzaa inatajwa kwa maneno machache kuwa kazi isiyo na heshima. Mwaka 2012, katika Son, kitabu cha nne, Lowry alirudi kumchukua mmoja wao, Claire, akampa sehemu kubwa ya hadithi na safari ya kumtafuta mwanawe. Mtu aliyepitwa kwa maneno machache amepewa kitabu. Hiyo ni nyongeza yenye haki. Collins naye alitoa The Ballad of Songbirds and Snakes mwaka 2020, akituingiza katika fikra za Snow akiwa na miaka 18, tukaona jinsi dikteta anavyojishawishi hatua kwa hatua kwamba anachofanya ni busara. Mwaka 2025 akatoa Sunrise on the Reaping, kinachoonyesha kwamba mkanda wa mashindano ya Haymitch, mshindi wa zamani wa wilaya ya Katniss, tuliosimuliwa katika kitabu cha pili ulikuwa umehaririwa na serikali. Tuliuamini pamoja na Katniss. Ni somo la propaganda ambalo kitabu kimoja pekee kisingeweza kulitoa.

Msiniambie kwamba haya ni ya makaratasini tu. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Mei 2014 nchini Thailand, vijana walianza kuinua vidole vitatu, ishara ambayo watu wa wilaya ya Katniss huitumia kumuaga na kumheshimu wanayempenda. Watawala wakaipiga marufuku, na wanafunzi walioionyesha wakakamatwa. Februari 2021, baada ya mapinduzi ya Myanmar, madaktari na wauguzi waliinua vidole vilevile. Wale walioikejeli fasihi ya vijana wafikirie kwa nini majenerali hawakuikejeli.

Na kwetu? Riwaya ya Kiswahili haikuanza jana kuwaza dola ya jinamizi na dola mbadala. Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa katika Kenya ya mwaka 1986, alichapisha Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafika katika jamii iliyojengwa juu ya usawa. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimfufua marehemu ili amhoji mjukuu aliyenogewa na madaraka. Ni riwaya nzito, zilizoandikwa kwa wasomaji waliokomaa. Msomaji wa miaka 14 anastahili mfululizo wa Kiswahili wenye ujasiri uleule na lugha ya kumshika mkono.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Walimu, msiwape wanafunzi muhtasari wa vitabu hivi. Wapeni yale maswali manne, kisha waacheni wabishane. Waandishi, kabla hamjaandika sura ya kwanza ya dola yenu ya kubuni, jueni nani anaitawala siku baada ya ushindi, na kwa gharama ya nani. Na ninyi wakutubi na wazazi mnaonunua vitabu, msinunue kitabu cha kwanza pekee kwa sababu ndicho kilichotengenezewa filamu. Nunueni mfululizo mzima, na kama fedha hazitoshi, changeni. Kijana aliyesoma kitabu cha kwanza tu amejifunza kuchukia mtawala mbaya. Mpeni na cha mwisho, ajifunze kumchunguza mkombozi.